Ndiyo, Kisha Hapana

Saa nane na dakika kumi na nne usiku
mwanamke wa Grimsby alisema ndiyo.
Saa nane na dakika kumi na sita akasema hapana.
Swali lilikuwa lile lile:
Umewahi kulazwa kwa ugonjwa wa kongosho?

Mimi huyaona haya asubuhi, hapa Leicester,
ghorofani, juu ya duka la mazulia,
na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.
Mfumo hautupi kitu. Umeiweka ndiyo yake
kwa maandishi ya kijivu, chini kabisa,
mahali ambapo msimamizi wetu, Bwana Pritchett,
ametushauri tusipoteze muda kushuka.

Ndiyo ilimletea ukurasa mwekundu: Samahani.
Na chini ya samahani, kitufe: Rudi nyuma.
Nani alikiweka kitufe kile pale?
Si daktari. Ni fundi, kijana mpole,
hutuletea keki kila Ijumaa;
aliambiwa wateja wengi mno wanaishia njiani.

Kwetu Pangani husema
mficha maradhi kilio humuumbua.
Hapa mficha maradhi
hupewa punguzo la asilimia kumi,
na sindano zake za kukondesha hufika kesho kabla ya adhuhuri
ndani ya boksi lisilo na maandishi,
lenye barafu, lenye utepe.

Nami hulipwa kwa idadi.
Paundi moja na peni ishirini kwa kila Kubali.
Kwa kila Kataa, hakuna kitu
ila fomu ya kueleza kwa nini.
Sitajifanya mtakatifu: tangu Jumatatu
nimekubali watu mia na arobaini,
na kodi ya chumba changu cha Evington inalipika.
Nimewahi kumkubali mtu
huku namenya chungwa.

Lakini leo nilishuka mpaka chini.
Nikaiona ile ndiyo.
Zile dakika mbili ndizo zilizonikaba:
alifanya nini dakika mbili zile?
Alisimama jikoni? Alimtazama mbwa?
Alijishika tumbo, pale palipomuuma mwaka ule,
akajiambia, basi tu, ni neno moja?

Nikampigia simu. Hairuhusiwi. Nikampigia.
"Bi Maureen Tranter? Mimi ni mfamasia wako."
Akacheka. "Kumbe nina mfamasia?"
Nikamweleza habari za kongosho,
namna inavyoweza kuwaka tena,
na safari hii isizimike.
Akanyamaza. Nilisikia birika likichemka kwake.
Kisha akasema, taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Binti yangu anaolewa Agosti.
Zahanati napiga kila asubuhi, saa mbili kamili,
naambiwa ni wa thelathini na tisa kwenye foleni.
Nikifika wa kwanza, nafasi zimekwisha.
Mwaka mzima, wewe ndiye wa kwanza
kunipigia mwenyewe,
na umenipigia kuninyima."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.
Nikabonyeza Kataa.
Kwenye sababu nikaandika: Mgonjwa alisema kweli.
Mfumo ukanijulisha kwamba sababu hiyo
haimo kwenye orodha.
Nikachagua: Nyinginezo.

Fedha zake zitarudi kwa siku tano za kazi.
Yeye hatasubiri siku tano.
Katika mji huu peke yake najua maduka sita kama letu,
mengine yana picha za madaktari
ambao hawajawahi kuzaliwa,
na katika mojawapo, sasa hivi ninapovaa koti,
anaulizwa swali lile lile,
na safari hii
hazihitaji zile dakika mbili.